Kiwambo cha Marehemu Oiva

Hiidenvaara, 3 Agosti 2004

Kwako shemeji Saimi, uliyetukimbia ukaenda kuishi na lifti,

Mimi mzima, ila masikio. Hofu yangu ni juu yako huko Oulu, ghorofa ya nne. Mwanamke uliyezoea kupanda kilima na ndoo mbili, leo unabonyeza kitufe ndipo ufike nyumbani. Utanenepa, nimekwambia.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Ukipiga nasikia nyuki tu. Mara ya mwisho nilikujibu "ndiyo, ndiyo, vingi tu," nikidhani unauliza habari za viazi, kumbe ulikuwa unauliza kama nina mpango wa kuoa tena. Sasa Hiidenvaara nzima inanitazama.

Shida yangu ni hii. Nataka kununua kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki. Si cha kwangu mimi, ni cha mbwa. Tuisku ameanza kuuogopa mlio, na mbwa wa kuwinda hirvi, wale kulungu wakubwa kama farasi, akiogopa bunduki ni sawa na mchungaji anayeogopa sadaka. Nataka kimoja tu, kifae bunduki zote mbili, ile kubwa ya hirvi na ile ndogo ya ndege, maana mimi si tajiri wa kuvalisha kila bunduki kofia yake. Duka la Kajaani wana ukuta mzima wa viwambo. Muuzaji kila alichokishika alisema ndicho bora. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unatumia kipi?" Akasema yeye hawindi, anacheza gofu.

Basi nimeamua kuuliza walionavyo. Kuuliza si ujinga. Ilmo, mwenzetu wa mawindo, anacho kirefu kama chupa mbili zilizounganishwa. Akigeuka na bunduki yake kwenye kibanda chetu cha mawindo sote tunainama. Nikamwambia, "Nieleze ukweli, Ilmo, kikoje?" Akasema, "Kimya kabisa, mzee! Unafyatua na husikii kitu!" Nikafurahi, hadi nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba Ilmo hajasikia kitu tangu walipofunga kiwanda cha mbao. Nikaenda kwa mchungaji. Chake ni kidogo na chepesi. Anasema mlio wake ni kama Roho Mtakatifu, unaugundua moyoni tu. Na huyo naye huhubiri kwa kupiga kelele kwa sababu hajisikii.

Unaona balaa hilo? Chama kizima cha mawindo tumefyatua bunduki zikiwa uchi maisha yetu yote, halafu ndio tunaulizana kipi kina kelele. Ushuhuda wote niliokusanya ni wa viziwi.

Na haraka ninayo. Raakel, ambaye tangu astaafu kuendesha basi anatuendesha sisi, ametangaza sheria ya msimu huu: atakayeitwa kwenye redio asijibu, anashushwa kutoka lindo lake la kungojea hirvi na kupewa sufuria ya supu kibandani. Moja kwa moja, hakuna rufaa. Kama tulivyomfanyia kaka yangu Oiva, mumeo, Mungu amlaze, kiziwi wa kwanza wa ukoo wetu. Mimi na sufuria, Saimi! Mimi niliyeanza kusimama lindoni nikiwa na meno yangu yote!

Niambie unaonaje. Nakuamini, ingawa hujui kitu.

Shemeji yako,
Jalmari


Oulu, 11 Agosti 2004

Kwako shemeji Jalmari, mzee usiye na haya,

Ati cha mbwa! Tuisku alizaliwa kwenye kikapu changu cha nguo, na akilala hata ndege ya jeshi ikipita hapindui sikio. Tena Aune wa Ilmo amenipigia simu. Amekuona Kajaani ukitoka kwa daktari wa masikio. Tangu lini mbwa anakwenda kwa daktari wa masikio kwa basi la asubuhi, amevaa koti la kanisani? Alisema ulikaa kituoni na kofia mkononi, basi likaja, likaondoka, nawe hukupanda. Sema kweli, Jalmari. Mimi si Raakel. Sina sufuria.

La pili, na hili nalisema kwa mara ya mwisho. Oiva hakuwa kiziwi. Mimi nililala kando ya mtu huyo tangu ujana wangu. Nikifungua kopo la biskuti jikoni, yeye akiwa banda la kuni na mlango umefungwa, alikuwa anapiga kelele, "Na mimi mbili!" Kwa nini siku ile hakujibu redio, mkamshusha, mkamfanya mpishi hadi alipokufa, sijui. Nilimuuliza. Alicheka tu, akaenda kukaa ngazini. Lakini kiziwi hakuwa, na usimwite hivyo kwenye barua ninayolipia mimi miwani ya kuisomea.

La tatu. Mnawauliza wenye bunduki wa nini? Waulizeni wenye masikio. Mlio wa bunduki zenu tunaousikia sawasawa ni sisi wanawake, tukiwa jikoni. Nenda kwa Aune. Nenda kwa mama mchungaji. Na kama kweli una mbwa, muulize na mbwa.

Mimi zamani nilidhani viwambo ni vya wauaji wa kwenye sinema, hadi Oiva alipoagiza chake. Mkamcheka. Mkakiita kopo la maziwa, mkamuuliza kama anakwenda kumpiga hirvi au kumkamua. Ninacho hapa. Nazuilia mlango wa roshani usibamize.

Shemeji yako anayengoja ukweli,
Saimi


Hiidenvaara, 2 Septemba 2004

Kwako Saimi, jaji wa mahakama ya Oulu,

Haya. Umenikamata mguu mmoja ukiwa dirishani.

Daktari ni mwanamke, mpole, mikono baridi. Alinifungia kwenye sanduku la vioo akanivalisha vitu kichwani, akasema nibonyeze nikisikia mlio. Nikakaa. Nikakaa. Nikamwuliza, "Mama, tunaanza lini?" Akasema tumeshamaliza.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu la kushoto, lile la upande wa mlio, limekufa bila hata kuonjeshwa dawa. La kulia limebakiwa na kidogo, sauti nzito nzito za chini, kama mafuta ya mwisho kwenye taa. Akaniambia, "Mzee Moilanen, msimu mmoja zaidi wa bunduki isiyozuiwa, na hicho kidogo kinakwenda." Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema njia nyingine ni kuacha. Basi nikakaa kituoni, nikaliangalia basi. Hilo tu. Aune hana kazi.

Usiniambie habari ya kuziba masikio. Nikiliziba hilo moja lililobaki, mbwa nitamsikia kwa goti?

Maneno ya watu sitayalilia, ya Ilmo nimeshayasikia yote na yanarudi yaleyale. Lakini kuna korongo wanaoondoka sasa hivi, Saimi, wanapita juu ya ziwa. Jana niliona midomo yao ikifunguka. Sikusikia kitu. Nikasimama pale na ndoo ya uyoga kama mtu aliyefika harusini chakula kimeisha. Nilichobakiwa nacho nakitaka. Na lindo langu nalitaka. Basi.

Sasa ushuhuda wa wenye masikio. Nilimfuata Aune, nikamwambia aandike kwenye karatasi, maana kuongea naye ni kumtazama tu. Ameandika hivi: "Cha Ilmo? Akipiga, vikombe vinacheza kabatini. Halafu anaingia ananiuliza, umeona kilivyo kimya?" Mama mchungaji alisema cha mumewe huanza vizuri, lakini yeye hukiacha kwenye mtutu usiku kucha kikiwa na theluji ndani. Maji yanaganda, asubuhi kina barafu kooni, na mdomo wa bunduki umeanza kula kutu. "Mwambie akifungue," nikasema. Akasema amekuwa akimwambia avue viatu mlangoni tangu wameoana.

Nilimuuliza pia Raakel, kwa ujanja, asijue kwa nini nauliza. Yeye hana. Anasema bunduki yenye kiwambo ni nzito mbele kama mwanamume kwenye karamu, na kwamba mlio lazima usikike, wengine wajue nani kapiga. Halafu akanitazama mdomoni kabla sijajibu, nami namtazama yeye mdomoni. Tukawa tunatazamana midomo kama wachumba. Nadhani ananishuku.

Saimi, lile kopo la maziwa la Oiva. Unalihitaji sana?

Jalmari, mwenye sikio moja, na lenyewe la mkopo


Oulu, 9 Septemba 2004

Shemeji,

Nimelia kidogo, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kituo cha mabasi na kifurushi. Kitafika Ijumaa na basi la jioni. Ndani kuna kiwambo, pakiti mbili za kahawa, na soksi. Soksi ni za Tuisku, kwa kuwa kila kitu unachotaka ni cha Tuisku.

Nayakumbuka mambo yake kwa sababu yalinichafulia jikoni. Kila jioni alikifungua. Alikikung'uta, akapuliza ndani, akakisimamisha karibu na jiko, si juu ya jiko. Wakati wa kukifunga alikaza kwa mkono, na kila alipofika lindoni alikishika tena kuhakikisha hakijalegea njiani. Alichagua chenye tundu la kupita risasi ya hirvi, akisema risasi ndogo itapita palipopita kubwa, ila kubwa haiwezi kupita palipopita ndogo. Nikamwambia hiyo ni hekima ya kila mlango. Na sehemu yake kubwa hurudi nyuma ikauvaa mtutu kama soksi, ndiyo maana bunduki yake haikurefuka sana kama ya Ilmo.

Ya mwisho. Alisema ukikifunga, risasi hushuka kidogo. Kwa hiyo usiende kwa hirvi kabla hujaenda kwenye shabaha ya karatasi. Usinitie aibu.

Mlango wangu wa roshani sasa unabamiza. Sema ahsante.

Saimi


Hiidenvaara, 24 Septemba 2004

Kwako Saimi mwenye mlango unaobamiza,

Ahsante. Sasa kaa chini nikusimulie.

Kwanza, kimeingia. Kwenye bunduki ya hirvi kimeingia, na kwenye ile ndogo ya ndege kimeingia. Nikashangaa, nikaenda kwa Ilmo nikakijaribu kwenye ya kwake, kikaingia. Ndipo nikakumbuka: midomo ya bunduki zote za Hiidenvaara ilichongwa skrubu na fundi mmoja, marehemu Kalle, na Kalle alijua kipimo kimoja tu cha dunia hii. Muuzaji wa gofu alinionyesha ukuta mzima, na kumbe kinachotufaa sote kilikuwa kinashika mlango wa mwanamke Oulu.

Jumamosi tukaenda uwanja wa shabaha, mimi, Ilmo na mchungaji. Nikasema, "Leo hatupigi kura. Jaji ni Tuisku." Nikamtandikia koti langu nyuma yetu, nikampa mfupa mkubwa wa goti. Akaanza kuutafuna.

Ilmo akapiga na chupa zake mbili. Tuisku akaacha mfupa, akalaza masikio. "Kimya kabisa!" akasema Ilmo. Mchungaji akapiga. Tuisku akainuka na mfupa wake mdomoni, akaingia chini ya gari la mchungaji, akabaki huko kama mtu asiyetaka kubatizwa. Tulimtoa kwa soseji.

Nikafunga kopo la maziwa. Risasi ya kwanza ilikwenda chini, kama alivyosema Oiva, kiganja kizima. Lakini hakuna aliyeangalia karatasi, Saimi. Wote wawili walikuwa wamegeuka wanamtazama mbwa. Alikuwa anatafuna. Nikapiga ya pili. Akaulamba mfupa, akaubadilisha upande. Ya tatu, akapiga miayo.

Mchungaji akavua kofia. Sijawahi kumwona akiivua nje ya kanisa. Ilmo akasema, "Umeshapiga?" Tukamcheka hadi tukakaa chini, halafu kicheko kikaisha, maana sote watatu tulikumbuka jinsi tulivyomcheka mwenye kopo. Mchungaji alichukua kile kiwambo akakishika kwa mikono miwili, kama kikombe cha meza ya Bwana, akanirudishia. Sikio langu la kulia lilikuwa halilii, Saimi. Maisha yangu yote nikipiga, linalia kama waya wa simu hadi kesho yake. Safari hii nilisikia Tuisku anatafuna. Mfupa unavunjika, krak, nyuma yangu. Nikageuka kuhakikisha. Kweli, alikuwa anauvunja.

Mawindo yanaanza kesho. Nitakuandikia.

Jalmari


Oulu, 13 Oktoba 2004
(kadi)

Jalmari, mbona kimya? Aune ananiambia umeshushwa. Ati uliangusha dume Jumamosi, Raakel akakuita kwenye redio mara chungu nzima, ukakaa tu hadi walipokufuata na kukupigia kelele usoni. Ati sasa unakata karoti. Ni kweli sikio limekwenda? Kiwambo kimekudanganya? Nisingekituma kama ningejua. Niambie hata kama ni mbaya. Nisipopata barua wiki hii napanda basi.
Saimi


Hiidenvaara, 17 Oktoba 2004

Kwako Saimi,

Usipande basi kwanza. Nimekaa na barua hii siku kadhaa kwa sababu sijui kuandika mambo ya namna hii. Shule niliacha walipofika kwenye desimali. Lakini nitajaribu, na usimsomee Aune.

Jumamosi ile nilipewa lindo la ukingo wa bwawa la majani, pale penye jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala. Lilikuwa lindo la Oiva zamani, unalijua. Raakel na Tuisku walikuwa upande wa pili wa kilima, wamefuata hirvi mwingine. Baridi ilikuwa imekaza, theluji nyembamba, upepo unanijia usoni. Nikakishika kiwambo nikahakikisha kimekaza, kama ulivyoniambia.

Dume akatoka kwenye misonobari peke yake. Unawajua walivyo, miguu kama ngazi na uso wa mtu aliyekosa urithi. Akasimama ubavu. Nikapiga mara moja. Akatembea kidogo, akapiga magoti, akalala. Kazi safi, haikumtesa.

Sasa sikiliza. Nilishusha bunduki nikangoja kile kinachokuja baada ya risasi. Wewe hukijui, ngoja nikuambie: kwanza masikio yanalia, halafu kila chenye mguu na bawa kinaondoka. Kunguru, sungura, panya, vyote. Nimeingia msituni tangu utoto, na kila nilipopiga, msitu ulikimbia ukaniacha na mzoga. Nilidhani msitu baada ya risasi ndivyo ulivyo. Mtupu. Sikujua kwamba ni mimi niliyekuwa naufukuza.

Masikio hayakulia. Kukawa kimya, na ndani ya kile kimya nikasikia theluji ikianguka kutoka tawini. Pff. Kwa sikio hili. Halafu nikasikia kitu kizito, cha chini, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu. Mmmh. Mara ya pili, karibu zaidi. Mmmh.

Akatoka jike. Nyuma yake ndama wawili. Wamepitia palepale alipopitia dume. Walikuwa hawajui risasi imetoka wapi, labda hawakujua kama ni risasi. Yule mama akanikaribia, Saimi, kama kutoka meza yako ya jikoni hadi kwenye jiko. Niliziona kope zake zina barafu. Nikasikia pumzi yake ikiingia na kutoka kama mivukuto ya mhunzi. Ndama mmoja akaanza kubandua gamba la mti, nikasikia meno yake. Meno, Saimi! Mimi, kiziwi wa Kajaani! Mwingine akaenda kwa dume aliyelala, akamnusa sikioni, akarudi kwa mama yake. Yule mama akasema tena lile neno lake, Mmmh, na ndama wakasogea karibu naye. Nikajua anawaita. Miaka yote hii wanaongea. Wanaongea kwa sauti nzito za chini, zilezile nilizobakiziwa mimi. Sijui nani kapanga hivyo na sitamuuliza mchungaji.

Hapo ndipo redio ikaongea mfukoni. Niliisikia, sikatai. Raakel na ile sauti yake nzito, wazi kama kengele: "Jalmari, ni wewe uliyepiga? Jibu." Nikaingiza kidole gumba mfukoni, polepole kama mwizi wa kuku, nikaizima.

Ningejibuje? Ningefungua mdomo niseme nini, na nani angenirudishia kimya kile?

Sijui nilikaa muda gani. Walikula, wakaongea, wakaondoka kwa miguu, wakitembea tu. Saimi, hawakukimbia.

Raakel alinikuta nimekaa kwenye jiwe la ng'ombe, machozi yameganda ndevuni. Akanipigia kelele usoni, "JALMARI, TUMEKUITA!" Nikamtazama. Ningeweza kumwambia. Neno moja na lindo langu ningebaki nalo. Lakini ningemwambia mbele ya Ilmo na wengine, wangecheka, na mimi mwenyewe ningecheka, ningetia chumvi, na kesho kitu kile kingekuwa hadithi ya kunywea kahawa. Nikasema, "Eh? Nini?" Akanishika bega, kwa huruma kabisa, akasema, "Basi, mzee. Kesho supu."

Kwa hiyo nakata karoti. Sikio liko. Kiwambo hakikukudanganya. Usiniulize kama naumia, maana jibu linabadilika kila nikitazama dirishani.

Jalmari


Oulu, 22 Oktoba 2004

Kwako Jalmari,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu nilipofika neno lile nilisahau kukaa.

Siku mliyomshusha Oiva alikuja nyumbani na ule mwiko wenu mkubwa chini ya kwapa. Nilidhani atakuwa na hasira, nikamwekea chakula anachokipenda, nyama ya kuoka na ugali wa shayiri. Hakula. Alikwenda kukaa ngazini. Nilimfuata na shali, nikamwambia, "Watu wale si wema." Akanitazama kama mtu aliyeamshwa, anatabasamu, akasema, "Saimi, hawakukimbia."

Hilo tu. Nikadhani anasema ninyi, kwamba wenzake hawakumkimbia walipomshusha, wamebaki marafiki. Nikamjibu, "Basi afadhali." Akacheka. Ndiyo maana alikuwa anacheka kila nikimuuliza! Alipokuwa mgonjwa alilisema tena, akitazama dari. Nikampigapiga mkono nikasema ndiyo, mpenzi, wote wapo.

Nimeishi na neno hilo miaka yote hii nikidhani linawahusu Ilmo na mchungaji. Kumbe alikaa kwenye jiwe lilelile. Alikuwa anasikia hadi biskuti, Jalmari. Fikiria yeye alisikia nini.

Nikimpigia Raakel simu leo, kesho utakuwa lindoni. Nitamwambia yote, ataniamini mimi. Sema neno.

Saimi


Hiidenvaara, 1 Novemba 2004

Kwako Saimi,

Usimpigie.

Barua yako niliiweka mfukoni nikaenda kufagia kaburi la Oiva. Nikamwambia, "Kiziwi ni mimi." Nikamwekea na biskuti, mbili.

Sasa habari. Nilimwazima Raakel kiwambo. Nilimwambia lindo lile la bwawa lina mwangwi mbaya, aokoe masikio yake. Alikataa, akasema uzito, akasema karamu, lakini mchungaji akamwambia, "Chukua, mama," kwa sauti ambayo si ya mimbarini. Nikamfungia mwenyewe. Kimeingia kama pete. Kalle alikuwa na kipimo kimoja tu.

Jumamosi nilikuwa kibandani na sufuria. Redio iko rafuni, sauti mwisho. Nilisikia mlio kwa mbali, mkavu, kama mtu kavunja kijiti. Kisha Ilmo akaita: "Raakel, ni wewe?" Kimya. "Raakel, Raakel, jibu." Kimya. Mchungaji naye akaingia: "Kiongozi, unatusikia?" Hakuna kitu. Ilmo akaanza kuhangaika, akasema anakwenda kumtafuta.

Nikaacha mwiko, nikaichukua redio. Sijawahi kuongea kwenye redio polepole hivyo. Nikasema, "Ilmo. Kaa ulipo. Mwacheni."

"Nani huyo?"

"Mpishi."

Nikakoroga supu. Ilishika chini kidogo, sikatai, akili haikuwa hapo.

Aliingia jua likiwa limeshainama, peke yake, kofia kichwani, theluji mabegani. Wengine walikuwa wamekaa mezani na sahani tupu, wakamwuliza kwa pamoja, "Redio imeharibika?" Akasimamisha bunduki ukutani, akafungua kiwambo, akapuliza ndani, akakiweka karibu na jiko, si juu ya jiko. Hakuna aliyemfundisha hilo, Saimi, ila labda mimi nilinong'ona kidogo.

Halafu akaja upande wangu, akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi. Bila kuvua kofia. Akamenya viwili, vitatu. Kisha akasema, chini kabisa, bila kunitazama mdomoni, kwa sauti nzito kama ya mtu anayepuliza chupa tupu, na nikasikia kila neno:

"Jalmari. Meno yao."

"Najua," nikasema. "Nipe chumvi."

Mlango wako ukibamiza, weka jiwe.

Shemeji yako,
Jalmari, mpishi